Mabehewa Juu ya Mlango

Mume wangu alifanya kazi kwenye reli, na kwa miaka minne ya ndoa yetu sikujua kazi hiyo ni kitu gani. Palma hakuna reli. Nilijua tu kwamba kila mwaka anakuja kwa likizo ya siku ishirini, viganja vyake vina weusi wa grisi ambao hata ndimu haiutoi, na akiulizwa anafanya nini huko kusini hujibu, "Napanga mabehewa." Mama yangu alidhani ni aina ya useremala. Mimi nilidhani kuna jambo ananificha, pengine mke mwingine, na siku moja nilimwambia hivyo hivyo, uso kwa uso.

Hakukasirika. Alicheka, na kucheka kwake kukanizidishia hasira. Nilimwambia mtu mzima haachi nyumba yake miezi kumi na moja kwenda kupanga. Anapanga nini kila siku kisichopangika kikaisha? Akasema, "Subiri, mke wangu, nitakuonyesha." Kesho yake asubuhi akaenda kwenye gofu la nyumba ya marehemu baba yake, akarudi na mlango kichwani.

Ulikuwa mlango mnene wa mbao tano, usio na nakshi wala kitasa. Akaulaza sakafuni ukumbini, akautegemeza juu ya matofali manne, akaupiga ufagio. "Mbao tano, njia tano," akasema. Ukumbi wangu haukuwa mkubwa. Kuanzia siku hiyo kila aliyetaka kwenda uani ilimbidi apite ubavu ubavu kama kaa, na mama yangu alisema waziwazi kwamba mkwewe amerukwa na akili.

Vita vya kumng'oa Mreno vilikuwa vimekwisha kuanza. Barabara ya Diaca ilikuwa na mabomu ya kutegwa, malori hayaendi ila kwa msafara wa askari, na vyombo vya kwenda kusini vilikuwa vinangoja ruhusa ambayo haikuwa na siku wala saa. Likizo yake ya siku ishirini ikaisha naye bado yupo, akingoja guia, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Alikaa karibu miezi miwili. Watu wengine vita viliwanyang'anya waume. Mimi vilinipa wangu kwa siku arobaini za ziada, na sioni haya kusema nilifurahi.

Reli alizitengeneza kwa mianzi. Aliipasua vipande vyembamba, akavinyoosha kwa moto, akavipigilia viwili viwili juu ya kila ubao. Penye kichwa cha mlango njia zote tano zilikutana zikawa moja, na katika kila makutano aliweka kipande cha mwanzi kilichoshikwa na msumari mmoja tu, ili kiweze kusukumwa huku na huku. Kipande hicho wao walikiita agulia. Ukikisukuma kulia treni inaingia njia hii, kushoto inaingia ile. Kilimchukua siku sita, na mara tatu alikivunja kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu behewa lilikuwa linaruka pale.

Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki ya askari, ambayo yalikuwa yamejaa nyuma ya kambi kama maganda ya korosho. Magurudumu nilitoa mimi. Wakati ule nilikuwa nashona kofia za kuuza, na uzi wangu ulikuja kwenye vile vigurudumu vya mti, vyembamba katikati na vipana pembeni. Alipoviona macho yalimtoka. Kiuno cha kigurudumu kilikaa juu ya mianzi sawasawa, na zile pembe pana zikakizuia kisidondoke. Kila behewa lilihitaji viwili, na mabehewa yalikuwa tisa. Uzi wangu wote nikauhamishia kwenye magunzi ya mahindi. Hata hivyo yeye hakuridhika, alisema pembe za gurudumu la kweli ziko upande wa ndani wa reli, si wa nje. Nilimwambia basi aende akanunue magurudumu ya kweli kwa Mhindi.

Kichwa cha treni kilikuwa kufuli kubwa la chuma lililopoteza ufunguo. Kuunganisha mabehewa tulitumia kulabu na pete za kufungia gauni, nazo pia zangu.

Rangi tulipaka sote. Mabehewa mawili ya daraja la kwanza tulipaka chokaa. Mawili ya daraja la pili tulipaka udongo mwekundu. Moja la barua na mizigo tulilipaka masizi. Manne ya daraja la tatu tuliyaacha na picha za samaki ubavuni, kwa sababu, alisema, huko watu hupakiwa vivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yake. Treni ikifika jioni abiria wakishuka, mabehewa yanaletwa kwenye njia hizi za kando, yanafagiwa, yanaoshwa, yanalala. Hayafiki kwa mpangilio unaotakiwa. Lakini asubuhi lazima yatoke yamepangika, la barua nyuma ya kichwa, halafu ya daraja la tatu karibu na moshi, halafu la pili, na wazungu mwisho kabisa ambako moshi haufiki. Na behewa unalolihitaji kwanza siku zote liko nyuma ya mengine mawili.

"Sasa umeona?" aliniuliza.

"Nimeona. Unalipwa kuwaepusha wazungu na kikohozi."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Akanifundisha masharti. Kichwa kinasukuma na kuvuta kutoka upande mmoja tu. Kila njia inabeba mabehewa matatu, hapana zaidi. Behewa haliinuliwi kwa mkono hata liwe limekwama vipi, kwa sababu la kweli halina wa kuliinua. Na kila behewa likisimama linawekewa kabari chini ya gurudumu, kabla mkono haujagusa kulabu. Kabari zetu zilikuwa vipande vya kifuu cha nazi. Nilikuwa nasahau. Kila nikisahau alinipiga kidole kwa ukindu wa mkeka na kusema, "Mkono hauingii kati mpaka kabari imekaa." Aliyasema maneno hayo kwa sauti ile ile kila mara, kama mtu anayesoma dua. Mwishowe nikawa nayasema mimi kabla yake.

Kulikuwa na kasoro moja. Ubao wa tatu ulikuwa umebenuka, na kila behewa lililoachwa juu yake liliteremka lenyewe hadi mwisho na kugonga msumari. Nilimwambia autengeneze. Akasema, "Uache. Hata kule kwetu njia ya tatu inainama upande wa pwani. Udongo wake ulididimia zamani." Alionekana kufurahi kwamba mlango wa baba yake umepata kasoro ile ile.

Kabla hajaondoka aliniachia fumbo. Aliyatawanya mabehewa tisa kwenye njia tano kwa namna aliyoijua yeye, akaniambia niitoe treni ya asubuhi. Mwenyewe aliifanya kwa hatua kumi na tatu. Kule kazini, alisema, hakuna aliyewahi kupunguza hata moja. Kisha guia ikatoka, akapanda chombo kilichopakia chumvi, akaniambia, "Ningoje hapa hapa. Nisije nikarudi nikakuta mlango peke yake."

Hatua kumi na moja. Ilinichukua mvua nzima na nusu ya kiangazi, lakini nilizipata. Siri yake ni kuliacha behewa la barua njia ya tatu hadi mwisho badala ya kulitoa mwanzo. Nilizirudia mara saba kwa kuogopa kujidanganya. Kisha nikaziandika zote kwenye barua kwa herufi za Kiarabu, nilivyofundishwa chuoni, behewa hili njia ile, lile njia hii. Nikampa kaka yangu aipeleke posta. Kaka yangu ni mfanyabiashara, alikuwa akivuka Ruvuma kwenda Mtwara na kurudi, na watu wa namna hiyo wana pua. Aliisoma akiwa amesimama, akanikazia macho.

"Unajua Wareno wa administrasao wanafungua barua?"

"Najua."

"Namba tupu! Nne kwenda mbili, sita kwenda tatu. Unataka tufungwe sote?"

Nikamweleza ni mabehewa. Akasema naye amweleze nani hivyo, sipai, askari wa Mreno mwenye kiboko? Barua ikarudi sandukuni. Niliandika nyingine ya salamu tu, kwamba sote wazima na mama anakohoa. Nilijiambia hatua kumi na moja nitamwambia mwenyewe kwa mdomo, nimwone uso wake.

Na kwa kuwa sikuwa na wa kunikataza, nikautengeneza ubao wa tatu. Nilichoka na behewa kuteremka kila nikigeuza macho. Nilichana kasha la kiberiti vipande vidogo, nikavichomeka chini ya mianzi, kimoja kimoja, mpaka behewa likasimama pale lilipoachwa. Huwezi kuviona ila ulale chini. Sikumwambia mtu, na nani angetaka kujua? Mama alikuwa amekwisha kufariki wakati huo.

Barua zake zikapungua, kisha zikakoma. Watu wa vijiji vya bara walikuwa wakihamishwa na kukusanywa ndani ya seng'enge, na wengi wa kwetu walikuwa wamekwisha kuvuka Ruvuma. Kaka yangu akahamishia familia yake Mtwara, akarudi kunichukua. Nilikataa. Akarudi tena, nikakataa tena. Nilikuwa mke wa mtu, na mtu huyo alikuwa ameniambia nimngoje hapa. Nikiondoka bila idhini yake, akija atanikuta wapi? Kaka alisema ndoa si kamba ya mbuzi. Nikamwambia kwangu ni kamba, na aliyenifunga ndiye wa kunifungua. Tulinuniana siku tatu.

Kila siku baada ya adhuhuri, kazi za nyumbani zikiisha, nilikaa kwenye kigoda nikaitoa treni. Watu walijua, wakanicheka. Jirani mmoja alinipa jina la chefi, mkuu wa stesheni. Sikujali. Nikiwa pale nilijua saa hiyo naye yuko wapi, ameshika nini, anaogopa nini. Ni wanawake wangapi wa Palma waliojua hayo kuhusu waume zao waliokuwa mbali?

Mara ya tatu kaka yangu alikuja mwezi wa Mfungo Nne, na safari hii hakuja peke yake. Alikuja na mzee mmoja mwembamba, mwenyeji wa kisiwa cha Rongui, aliyekuwa akirudi kwao baada ya miaka mingi kusini. Kaka alimkaribisha barazani, mimi nikakaa nyuma ya mlango. Mzee akatoa salamu ndefu. Kisha akasema alikuwa mwosha mabehewa katika yadi ya mume wangu, huko yanakolala, na kwamba mume wangu amefariki.

Sikulia. Nitasema kweli nilichofikiri, ingawa kinaniaibisha: nilifikiri, kaka yangu amemnunua. Mtumbwi wa kutuvusha ulikuwa umekwisha kupatikana, nilijua, na ghafla anatokea mtu wa kunifungua kamba. Nilimuuliza yule mzee kama ameleta chochote. Akasema hana kitu, nguo za marehemu alipewa aliyemwosha, kama ilivyo desturi. Hata kofia? Hata kofia. Majibu yake yalikuwa mazuri mno. Nikajitanda kanga vizuri, nikafungua mlango.

"Karibu ndani, baba. Ulikuwa unaosha mabehewa?"

"Miaka kumi na minane, mwanangu."

"Basi haya hapa. Yapange kama yanavyolala kwenu."

Kaka alisema, "We dada, mtu anakuletea tanzia, wewe unamletea mchezo?" Nikamwambia anyamaze, ndani mle ni kwangu.

Mzee aliuzunguka ule mlango wa sakafuni. Mkono ulikuwa mdomoni. Kisha akapiga magoti, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Pembe za magurudumu ziko nje." Hayo yalikuwa maneno ya mume wangu. Lakini nikajiambia mtu yeyote aliyewahi kupanda treni anaweza kuliona hilo. Akayasukuma mabehewa ya chokaa hadi njia ya kwanza, akayawekea kabari. Ya samaki akayaweka ya pili na ya nne. Hakuinua hata moja. Kabla ya kugusa kila kulabu aliweka kabari kwanza, bila kutazama, vidole vyake vikijua vyenyewe.

Alipofika njia ya tatu aliweka behewa la barua na jingine la samaki nyuma yake, akaondoa mkono. Yakasimama. Akangoja kidogo, kisha akayasukuma kwa kidole, yakasimama tena. Akanitazama.

"Hii siyo hivi, mwanangu."

"Siyo vipi?"

"Ya tatu inainama. Inaelekea pwani. Ukiacha kitu pale bila kabari hukikuti." Akalala chini, shavu juu ya sakafu, akachungulia. Kisha akaanza kuvitoa vile vipande vya kiberiti, kimoja kimoja kwa ukucha, akiviweka kwenye kiganja cha mkono wa pili. Alipochomoa cha mwisho mabehewa mawili yakaondoka yenyewe, taratibu, yakaenda kugonga msumari. "Hapo sawa," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Mtu anaweza kuijua yadi na bado akasema uongo, hilo nililijua. Lakini sikuwa na swali lingine. Nilikaa chini, nikamwambia anieleze.

Akanieleza kwa mabehewa yale yale. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Behewa la barua lilikuwa njia ya tatu na mengine mawili nyuma yake. Mume wangu aliweka kabari, mzee alimwona kwa macho yake akiiweka, tena aliikanyaga kwa kisigino kuihakikisha. Kisha akaingia kati kufungua kulabu. Reli ilikuwa na maji na grisi. Kabari iliteleza. Mzee aliyaachia makopo yateremke, akayazuia kwa kidole kabla hayajagusana.

"Hakufa pale pale," akasema. "Aliishi mpaka alasiri. Mimi nilikuwa kichwani pake. Shahada aliitamka mwenyewe."

"Alisema nini kingine?"

"Aliuliza kama treni imetoka."

"Ilikuwa imetoka?"

"Ilitoka, mwanangu. Ilichelewa kidogo."

Nikauliza ilikuwa mwezi gani. Akasema Rajabu, Ijumaa ya pili. Hapo ndipo kaka yangu, aliyekuwa ameinamia fimbo yake wakati wote huo, alipoinua kichwa, nikamwona anahesabu vidoleni. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi, Pili, Tatu. Nilihesabu naye. Siku hiyo hiyo alikwenda kumuuliza mwalimu wa chuoni, akarudi na jibu nililokuwa nimekwisha kulipata. Eda huanzia siku ya kifo, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha zamani. Nilikuwa nimeikaa eda yangu yote bila kujua, na wanja machoni. Idi ile nilipaka hina mikono na miguu nikiwa mjane. Sikuwa na hata siku moja iliyobaki ya kukaa ndani nikamlilia mume wangu kama wanavyoliliwa waume wa wenzangu. Nimejaribu sana kukumbuka Ijumaa ile nilikuwa nafanya nini, na sikumbuki. Nadhani nilikuwa naitoa treni.

Nililia basi, kwa sauti, na nilimtukana kaka yangu maneno ambayo hakustahili, na yeye akayapokea. Nilimwambia kwamba nilidhani amemnunua yule mzee. Akasema, "Ningekuwa na uwezo wa kununua, ningemnunua mumeo arudi."

Mzee alikula kwetu, akapumzika. Kabla hajaondoka kwenda kwao nilimwomba kitu kimoja. Niliyatawanya mabehewa kama mume wangu alivyoyatawanya siku ile ya fumbo, nikamwambia ahesabu. Nikaitoa treni ya asubuhi mbele yake. Njia ya tatu ilikuwa inainama kweli sasa, hivyo nililishikilia behewa la barua kwa kabari hadi zamu yake, na kabari ya kifuu juu ya mwanzi mkavu haikuteleza. Mzee alihesabu kwa tasbihi.

"Kumi na moja," akasema. Akatikisa kichwa. "Yeye alikuwa akifanya kumi na tatu. Alitusumbua nazo miaka."

"Najua."

"Angekasirika."

"Angecheka," nikasema.

Siku ya kuvuka kaka yangu alifunga vyombo vyangu kwenye mikeka, mizigo minne. Mlango haukuwa na nafasi, na sikuomba. Wakati wanapeleka mizigo mtumbwini nilibaki ukumbini. Mpanga mabehewa haendi nyumbani kabla hayajalala, basi nikayarudisha yote kwenye njia zake, ya chokaa, ya udongo, ya samaki, kila moja na kabari yake. Behewa la barua nililiacha mwisho. Vile vipande vya kiberiti vilikuwa bado kwenye kisahani alimovimwaga mzee kutoka kiganjani. Nilijua ni uongo, kwamba huko njia ile inainama hata sasa. Nikalala chini, shavu sakafuni, nikavichomeka tena chini ya mianzi, kimoja baada ya kingine. Kaka alikuwa ananiita. Nililisukuma behewa la barua kwenye njia ya tatu bila kabari, nikaondoa mkono, nikangoja. Likasimama.